Kuhusu Mdudu wa Loisi na Ukoo Aliopewa

Makole, Dodoma (nilipofikia kwa mdogo wangu)

Mheshimiwa Mganga Mfawidhi,

Shikamoo. Kama umri wangu umekupita, ipokee hivyohivyo, nimeitoa kwa cheo. Mimi ni mama yake Loisi, yule mtoto wa kutoka Chemba aliyepasuliwa utumbo na kidonda kikagoma kupona. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitakapokosea usinyamaze na barua, niite nieleze kwa mdomo. Hapo getini nipo kila siku.

Kwanza nashukuru. Mtoto mmempasua vizuri na anapumua. Ila nina malalamiko, nayo nimeyapanga kwa namba kama alivyonishauri dada wa mapokezi. Alisema yasiyo na namba huwa hayasomwi.

1. Choo cha mtoto. Nesi Shamila alinipa kikopo, akasema, "Mama Loisi, tunaomba choo cha mtoto kidogo. Tunawafuatilia wadudu wa tumboni waliozoea dawa." Nikakileta kwa heshima, nimekifunika na khanga. Wiki iliyofuata wakaomba tena. Kwetu choo kinafukiwa, hakifuatiliwi. Nikabaki najiuliza kile cha kwanza kilipungua nini, maana wakati ule mtoto alikuwa bado anakula.

2. Undugu. Dokta Anyitike, yule kijana mpole wa maabara, alinionyesha kwenye kompyuta mchoro wenye matawi. Akasema wamesoma vinasaba vya mdudu wa Loisi na vya mdudu wa Bibi Sara, muuza samaki wa Mtera, aliyekuwa wodi moja na mwanangu, wakakuta wadudu hao ni wa mama mmoja. Mheshimiwa, sisi ni Wasandawe. Na watu wa Mtera hatujaoana wala hatujazikana, na samaki wao tunawasikia tu. Nimepekua ukoo wangu na wa marehemu mume wangu, sikuona tunapokutana na yule bibi, isipokuwa kwenye choo cha wodi, kile chenye bomba lisilotoa maji.

3. Kama ukoo wa mdudu unajulikana hivyo, mpaka dokta anajua babu yake alipita wodi gani, basi wazee wake waitwe. Kwetu mbuzi akila mtama wa mtu hatukai kuchora ukoo wa mbuzi, tunamfuata mwenye mbuzi. Nilimwambia dokta hivyo. Akacheka, akasema, "Mama, huyo mwenye mbuzi ndiye tunayemtafuta." Sawa, atafutwe, lakini asitafutwe kwangu. Nyumba yangu inafagiliwa kabla ya jua.

4. Akaniuliza tena kama nyumbani tuna tabia ya kuacha dozi katikati. Nimeumia sana kwa swali hilo. Hatuachi. Mtu akipata nafuu, vidonge vinavyobaki anapewa mwenye kikohozi, na yeye akipata nafuu vinapewa kuku. Hakuna dawa iliyowahi kutupwa nyumbani kwangu.

5. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Majibu yalipotoka, Loisi alihamishiwa chumba cha peke yake na mimi nikatolewa. Wanasema nikimshika nitambeba mdudu mikononi niwapelekee wagonjwa wengine. Namwona kupitia kioo cha mlango, naye kageukia ukutani. Mtoto huyu tangu ananyonya halali bila kunishika sikio, na sasa ana miaka kumi. Sijui huko ndani anashika nini. Dawa tatu zimeshindwa, dokta amekiri mwenyewe, na sasa wanajaribu ya nne. Mheshimiwa, mama bado hajajaribiwa.

Kwa hayo naomba, kwa adabu: ukoo wetu ufutwe kwenye ule mchoro, na muandike kwa mhuri kwamba mdudu ni mali ya hospitali, sisi tulikuja na utumbo tu. Halafu mtoto arudishwe wodini kwangu. Mtu hafungwi kwa kosa la mdudu wa watu.

Nisalimie Shamila na Dokta Anyitike, sina ugomvi nao. Msalimie Bibi Sara, mwambie undugu nimeukataa lakini pole nampa. Msalimie na mlinzi Brighton, ambaye siku hizi ananiletea kiti.

Ni mimi niliye getini,
Violeth Alfonce (Mama Loisi)

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga barua, Shamila akaja kunieleza kwamba Bibi Sara naye amehamishiwa chumba cha Loisi, kwa sababu wenye mdudu wa ukoo mmoja wanaruhusiwa kulazwa pamoja. Nimekaa nikalifikiria. Yote niliyoandika hapo juu yaweke kando. Mchoro usifutwe, ila niongezwe tawi. Kikopo kilichofungwa pamoja na barua hii ni choo changu, cha leo asubuhi. Dokta Anyitike akisome taratibu, asiwe na haraka ya kusema hakuna, kwani uji aliokuwa akiubakiza Loisi wodini nilikuwa naumalizia mimi siku zote, kwa kijiko chake. Nguo zangu nimeshafungasha, ziko kwa mlinzi.