Msiba wa Madam Hildegardi

Jumatatu, 9 Juni
Kazi imepatikana! Yaani, tangazo la kazi. Madam Dorah, mwenye hoteli ya ufukweni Mbamba Bay, ameandika Fesibuku kwamba anatafuta mtu wa mapokezi. Hataki barua. Anasema huanza na kurasa za mtu, aone anavyoishi na watu na wanavyomsema. Nikatazama ukurasa wangu. Aibu! Miaka mitatu ya ubishi wa mpira, na picha nimelala juu ya kreti za bia. Nimefuta vyote. Shangazi Natalia, aliyenilea na kunisomesha kwa kahawa yake, kapiga simu kutoka Matiri. Nikikosa kazi mwezi huu, nirudi kuchuma. Mimi, mwenye diploma!

Jumanne, 10 Juni
Wa kunisifu hayupo. Nimemtengeneza huko huko Fesibuku. Madam Hildegardi, meneja wa hoteli Songea, bosi wangu wa zamani. Picha ni ya shangazi, ile ya jubilei ya kwaya, kavaa kitenge kipya nje ya kanisa. Simu yake ni kitochi, haiingii mtandaoni, hatajua. Hildegardi kaandika kwamba mimi, Jastini, ni mwaminifu kupindukia. Niliona haya kidogo, nikaongeza "na mnyenyekevu".

Alhamisi, 12 Juni
Madam Dorah amejibu! Si kwangu. Kamwandikia Hildegardi: bosi anayewasema vizuri hivyo wafanyakazi wake ndiye anayemtaka, aje awe meneja, nyumba ipo. Nikakataa kwa adabu. Akabembeleza. Nikasema mume hataki. Akaomba namba ya mume.

Ijumaa, 13 Juni
Nimemuua Hildegardi. Presha, ghafla, asubuhi. Nimetangaza mwenyewe kwa majonzi, kama aliyelelewa naye kikazi. Watu kumi na saba wamenipa pole. Nikala wali kwa raha zangu. Nikasahau kwamba huku kwetu mtu akifa, watu huenda.

Jumapili, 15 Juni
Sijui nianzie wapi. Madam Dorah alilitambua kanisa la Matiri kwenye picha. Jana kapanda gari kutoka ziwani na ndoo ya dagaa, na wanawake wawili wa hotelini kwake. Wakaonyesha picha, wakauliza msiba uko wapi. Wakapelekwa hadi kwa shangazi, wakamkuta anaanika kahawa. Mmoja alishaanza kulia tangu njiani. Shangazi akawakaribisha, akawapikia, ndipo akaonyeshwa ukurasa na tangazo langu la msiba. Akanipigia. Hakufoka. Angefoka ningepata nafuu.

"Jastini mwanangu," alisema, "yaani umeniua ili ukae mapokezi?"

Nikakata simu. Hata shikamoo sikumpa. Nimelia.

Jumanne, 17 Juni
Shangazi kanitumia ujumbe. Nimwombe radhi Madam Dorah kwa kinywa changu mwenyewe, kisha nirudi nyumbani, kitanda changu kipo. Wema wake unanichoma. Nimeandika radhi mara tano, nimefuta zote. Na nani ataniamini mimi, baada ya haya? Jambo zito kama hili linataka mtu mzima. Basi Bwana Erasmo, mkurugenzi mstaafu, kafungua ukurasa leo mchana. Kamwandikia Madam Dorah kwamba anamfahamu Jastini tangu utoto, na anathibitisha kijana ametubu kwa dhati. Safari hii nimekuwa makini. Hana picha, na anaishi Msumbiji. Akifa, hakuna wa kwenda.