Mto Nilioupeleka Bondeni

Jumatatu, 3 Machi
Makala yangu ya mvinyo wa bonde la milimani imetoka. Ukurasa mzima! Picha yangu nikinusa glasi, macho nimeyafumba nusu. Nimeeleza mizabibu inavyoteremka hadi ukingoni mwa mto, na ukungu wa alfajiri unavyoupa mvinyo ule ubaridi wake. Kufika sijafika. Ya nini? Mwandishi hodari huionja nchi ndani ya glasi. Mke wangu akauliza mto huo unaitwaje. Nikamwambia asinivuruge.

Jumanne, 4 Machi
Situlii. Pua kanipongeza. Anaandika safu ya jibini katika jarida letu na anaimezea mate safu yangu. Tunamwita Pua kwa sababu huichomeka katika kila glasi na kila shughuli isiyomhusu. Kausifu sana ule mto. Pua hasifu bure. Nimezunguka sebuleni mpaka mke wangu akaniomba nikazungukie nje.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Mhariri kaniita. Mama mwenye shamba la mizabibu kule bondeni amepiga simu. Hakugomba, kashukuru tu. Anaomba mwandishi aje wakati huu wa mavuno amwonyeshe mto uliko. Mhariri hakucheka. Kasema niende keshokutwa, la sivyo safu ipate mtu mwingine. Pua, aliyekuwa akipita mlangoni kwa bahati tu, kasema yeye yuko tayari hata leo.

Alhamisi, 6 Machi
Asubuhi niliugua. Skafu shingoni, sauti ya kukwaruza. Mke wangu akapiga simu ofisini kuniombea ruhusa, akarudi kusema Pua keshaanza kupanga begi. Nikapona papo hapo.
Jioni nikapata wazo. Mto wa msimu! Unakuja, unaondoka. Nani atabisha?

Ijumaa, 7 Machi
Nimefika. Mawe matupu na vumbi, mizabibu imeng'ang'ania mteremko. Mama mwenyewe ni mfupi, kofia pana, vidole vyeusi kwa maji ya zabibu. Nikamwamkia kwa adabu, nikaanza habari za mto wa msimu. Alinisikiliza hadi mwisho.
“Mwanangu,” akasema, “babu yangu alichimba visima hapa mpaka akazeeka. Laiti ungekuja mapema ukamwonyesha.”
Wavunaji wakageukia ndoo zao, mabega yakitikisika. Mama akanipa mkasi na ndoo. Nimekata vichala mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Mchana, kwenye kivuli cha banda la mapipa, akanimiminia mvinyo kikombeni. Nikaanza kuunusa kitaalamu. Akaniambia ninywe kwanza, nina kiu.
Nikauliza ule ubaridi unatoka wapi, kama si mtoni. Akasema ni mawe. Usiku yanapoa kuliko maji. Kisha akakijaza tena kikombe changu.
“Mwaka wa ukame, mimi na marehemu mume wangu tulibeba maji kutoka ng'ambo ya kilima. Mzabibu kwa mzabibu. Kifua chake hakikupona tena. Ukiandika kuna mto, mwanangu, yeye alikuwa anafanya nini?”
Nikaomba radhi. Nikarudi kwenye ndoo bila kuambiwa.

Jumapili, 9 Machi
Nimeandika yote. Mawe, maji, marehemu, na kwamba mto niliubuni. Nimeandika nimesimama, mgongo hautaki kiti. Nikamsomea mke wangu. Alinishika bega tu, akaenda kuchemsha chai.

Jumatano, 12 Machi
Mhariri kasema ndiyo makala bora niliyowahi kuandika. Mama wa bondeni amepiga simu, safari hii ameomba nakala ya kuweka ukutani. Pua karudi kwenye jibini lake, amenuna. Mimi ni mtu mpya! Tangu leo naandika nilichokiona tu.

Alhamisi, 13 Machi
Mhariri anataka makala ya mvinyo wa kisiwani. Nauli ipo, meli inaondoka kesho. Lakini bahari hunitapisha, na mgongo bado. Nikakaa mezani, kalamu ikateleza yenyewe. Makala imetoka tamu sana, na imeshatumwa. Nimekuwa mwangalifu mno. Mto sikuweka hata mmoja.
Nimeweka ziwa.