Jiwe la Mama Amoit

Ndugu zangu wa chuoni, leo nimeaibika katika maji ya magoti, na ninawaandikia mapema kabla hamjasikia kwa wengine.

Mkaguzi wa shule alikuja hapa Malaba kuamua kama nitathibitishwa kazini. Nilijiandaa kwelikweli. Nikavaa suruali yangu ya bugaluu (ndiyo, ile nyeupe), nikalipeleka darasa la saba mtoni kwa somo la jiografia.

Tulisimama juu, kwenye uwanda uliokaa kama ngazi kati ya kilima na mto. Nikaeleza: zamani za kale hali ya hewa ilibadilika, mvua ikazidi, mto ukapata nguvu, ukachimba bonde na kushuka, ukaacha sakafu yake ya zamani huku juu.

"Ushahidi uko wapi?" akauliza mkaguzi.

Nikaona rundo la mawe laini ya mviringo kando ya kibanda. Moyo ukatulia. "Huu hapa. Mto uliyaacha maelfu ya miaka iliyopita." Nikaokota moja, nikalirusha mtoni. "Sasa limerudi kwao." Watoto wakapiga makofi. (Nilijipenda sana dakika ile.)

Mama Amoit, mfinyanzi, akatoka kibandani.

"Mwalimu, hiyo mawe mto haikuleta. Mimi nilibeba na hii kichwa. Nasuguanga nayo nyungu. Na hiyo umetupa ilikuwa ya mama yangu."

Mkaguzi akafunga kalamu yake.

Nikaingia mtoni na bugaluu yangu. Nikatoa jiwe. "Sio hiyo," akasema Mama. La pili, "Sio hiyo." Kufikia la kumi na mbili, darasa zima lilikuwa linasema naye. Alipochoka kunisubiri, alimpeleka mkaguzi kwenye shimo lake la udongo, hatua chache tu kutoka kibandani.

"Mawe ya mto ni hii huku chini, mzee. Hata nyanya yangu alikuta tu hapa. Maji ilikuwa inapita hapa zamani, halafu ikashuka."

Somo langu lote, kwa pumzi moja, nami niko majini!

Mwishowe nikashika jiwe lenye kishimo cha kidole gumba. Mama akarudi ukingoni, akaweka chake, kikaenea sawasawa. Akacheka, akanipa mkono nitoke.

Nimethibitishwa kazini, na nimefurahi, siwafichi. Ila kwenye ripoti, pale pa jina la mwalimu aliyefundisha, mkaguzi ameandika majina mawili. Langu ni la pili.