Kishungi cha Salamanda wa Bwawani

Jumatatu, 3 Julai
Mkutano wa zimamoto wa kujitolea. Kamanda wao, Viljem Škerk, anataka kulifukia bwawa la kijiji kwa kokoto, wapate uwanja wa kuchezea dansi kwenye sherehe yao. Bwawa langu! Mahali pekee ninapokunywa teran yangu, divai nyekundu ya kwetu, kwa amani, maana mama mkwe anaogopa vyura. Nikasimama. Nikasema mle wanazaliana salamanda adimu, wale kama mijusi wa majini, na mwezi wa nne niliwaona madume kwa macho yangu: mgongoni vishungi vya meno kama msumeno, na chini ya mkia wamevimba kama walioficha zabibu. Viljem akasema haya, Venčo, Jumapili anakuja mtaalamu wa viumbe hao kutoka Ljubljana, umwonyeshe dume mmoja tu. Asipomwona, Jumatatu kokoto. Nilicheka kwa dharau. Mmoja? Nitampa ndoo nzima!

Jumatano, 5 Julai
Ndoo imejaa salamanda. Vishungi: hakuna. Uvimbe: hakuna. Wote laini kama sabuni! Mke wangu Zofka amechungulia, akauliza kama ni majike matupu au ni madume wa rika langu. Nilivuta tumbo ndani.

Alhamisi, 6 Julai
Nimegundua! Ni joto. Wakidhani ni mwezi wa nne, watavimba. Nimewashusha kwenye baridi ya chumba cha chini, yanaponing'inia mapaja ya nguruwe ya kukausha, nikawanyeshea mvua kwa kopo la maua. Jioni mama mkwe kashuka kukata nyama. Mmoja alikuwa amepanda juu ya paja. Mayowe! Zimamoto wakaja na gari lao, Viljem mbele na kofia ya chuma. Akamtazama salamanda, akanitazama mimi, akauliza dume ni yupi kati yetu.

Jumamosi, 8 Julai
Siku mbili za mvua ya kopo. Kilichovimba ni magoti yangu. Basi. Nimekata kishungi kutoka glavu nyekundu ya mpira, ile ya Zofka ya kuoshea vyombo. Meno safi kabisa! Kitashikana kwa uji mzito wa ngano. Nani atajua?

Jumapili, 9 Julai
Kijiji kizima kando ya bwawa. Mtaalamu, Bi Neža Ravbar, ni binti mdogo mwenye buti kubwa. Nikamtoa dume wangu. Makofi! Nikamtia kwenye beseni la maji. Kishungi kikaachana naye, kikaelea, chapa ya kiwanda ikitazama juu. Viljem alicheka hadi akakaa chini. Zofka akasema kumbe ndiyo maana tangu jana anaosha vyombo kwa mkono mmoja.

Kokoto, nikawaza. Kwaheri teran.

Bi Neža hakucheka. Alimgeuza yule salamanda, akatuonyesha mstari mweupe uliofifia ubavuni mwa mkia. Dume huyu, akasema. Kiangazi kishungi huisha na uvimbe wa nje hunywea, lakini korodani mle ndani ndiyo kwanza zinakua, zinatengeneza mbegu za mwakani. Nje utadhani amestaafu, ndani yuko kazini. Bwawa lisiguswe. Akaongeza kwamba ningemleta alivyo, ingetosha.

Nilimtupia Zofka jicho lenye maana. Akaniambia nisijilinganishe na salamanda wa watu.

Jumanne, 11 Julai
Ushindi wangu! Watu wanasema eti ni ule mstari. Upuuzi. Bila kishungi changu, nani angehangaika kutazama mkia? Sasa Viljem anataka uwanja wa dansi uwe kando ya kisima nyuma ya nyumba yangu. Nimemwambia haiwezekani kabisa: kisimani mle anaishi yule salamanda mweupe kipofu wa mapangoni. Akasema vizuri sana, Venčo, Jumapili atamrudisha Bi Neža.

Aje tu. Zofka kanunua glavu mpya. Nyeupe.