Bilauri ya Maziwa Mgando, Misunkumilo, 1955

Mheshimiwa Mtemi, ambaye umetuma fimbo yako ikuwakilishe, Bwana Jumbe, Mwalimu Thadei na watoto wako wa shule mliosimama juani tangu alfajiri, akina mama wa Misunkumilo, nami mwenyewe, Felisiani, Msaidizi wa Pili wa Bwana Maendeleo na Katibu wa Komiti ya Skimu ya Kifungua Kinywa cha Haraka: hamjambo? (Hatujambo, kwa uchovu.)

Sina maneno mengi. (Miguno. Ni saa nne, na hii ni mara ya tatu anasema hivyo.) Baada ya utafiti wa kina uliofanywa na mimi, imeonekana kwamba mtoto wa shule anapoteza asilimia sitini na mbili ya asubuhi akingoja uji uchemke, na ndiyo maana niliamuru leo asiwepo mama wa kuwasha moto, watoto waje na njaa yao kamili, ili demonstresheni itupe takwimu safi. (Mtoto analia. Ni Gaspar, aliyetoka kuugua homa juzi. Bibi yake, Verdiana: "Bwana mkubwa, huyu hajala tangu jana! Na uji wa jana niliomfunikia nimekuta umechukuliwa!") Vizuri sana, mama. Karani, andika: njaa, mmoja. Suala la uji litajibiwa kwa maandishi.

Sasa tazameni bilauri hii. Chini kabisa, maziwa mgando. Juu yake papai lililokatwakatwa. Juu ya papai, karanga za kukaanga zilizopondwa. Halafu maziwa tena, papai tena, na kileleni asali ya Wakonongo. Dakika nne! Hakuna kuni, hakuna moshi, hakuna chungu cha kuosha! (Vigelegele. Watoto wanameza mate.)

(Mzee Josephat: "Bwana, ng'ombe wa maziwa hayo watakaa wapi? Huku si mbung'o watawamaliza wote?") Swali la kitaalamu. Ng'ombe mia mbili wamo kwenye programu, na mbung'o nimewaandikia barua tatu za kuwataka wahame, nakala Boma, na mpaka leo hakuna hata mmoja aliyeleta pingamizi. (Kicheko kikubwa. Mhutubu anainama kupokea pongezi.)

Semeni nami: Tabaka juu ya tabaka! (Watoto wanaikodolea macho bilauri.) Mgando ni maendeleo! (Mtu mmoja nyuma: "Tuna njaa.") Ahsanteni kwa ari hiyo.

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru wajumbe wa Komiti, ambao ni mimi. Nawashukuru ng'ombe, ambao wangekuwa hapa kama mtu angewaagiza. Nalishukuru Boma, ambalo nitaliarifu kuhusu skimu hii mara tu nitakapopata nafasi. Nawashukuru nyie kwa mapapai na karanga mlizoleta, ambazo zimekwisha pakiwa kwenye lori langu kama vielelezo. Na kwa namna ya pekee namshukuru Bibi Verdiana, ambaye mpishi wangu alipita kwake akaona kibakuli cha uji wa muhogo uliolala na kuganda vizuri. Bila uji huo, leo msingeyaona maziwa.

(Bibi Verdiana anapanda jukwaani, anaichukua bilauri mkononi mwa mhutubu bila kumwangalia, anashuka, anamkalisha Gaspar mapajani na kuanza kumlisha kwa kijiko.)

Karani, andika: mmoja amefikiwa.