Nyongeza Kwenye Picha ya Upweke

Jumatatu, 9 Juni

Daftari, salamu nyingi. Sisi hapa Buzebazeba wazima. Baba Diana mzima, isipokuwa goti. Bibi Verediana, mama mkwe wangu, mzima, naye anakusalimu ingawa hajui naongea na nani. Binti yangu Diana mzima. Kuku wazima. Mimi ndiyo presha. Muuguzi kasema wasiwasi wangu niuandike badala ya kuuhubiri nyumba nzima. Haya, naandika.

Wasiwasi ni huu: Jumapili inaletwa barua ya posa ya Diana! Anakuja baba wa kijana mwenyewe, Mzee Eliakimu, mwalimu mstaafu wa uchoraji, pamoja na mshenga. Diana anasema mzee huyo akiingia nyumba yoyote, kwanza anaangalia ukutani. Ukutani kwetu kuna nini? Kalenda nne, ya mwaka huu moja tu. Mchumba wake wa kwanza alikunywa chai hapa, akatazama kalenda zetu, hakurudi. Miaka mitano sasa. Diana anasema alihamishiwa Mpanda kikazi. Mimi najua ni kalenda.

Nitanunua picha. Baba Diana asijue kwanza.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda Ujiji kwa bodaboda, vindoo viwili vya sado, dagaa wa kulipia, mapajani. Kwa Feliksi, yule anayepaka rangi mitumbwi na kuchora picha. Nikamwambia nataka picha ya kumwonyesha mkwe msomi. Akasema ngoja mama, picha zina mitindo yake, nikueleweshe. Nimeshika hivi.

Uhalisia ni samaki mgebuka anayefanana na mgebuka, hata magamba unayahesabu. Nzuri, ila migebuka naiona kila siku bure. Tingatinga ni nyati mwenye madoa kama kanga, macho kodo, kama kafumaniwa bafuni. Dhahania ni kitu kisichofanana na kitu: buluu huku, nyekundu kule, katikati peupe.

Nikauliza wasomi wanapenda ipi. Dhahania. Inaitwaje? Upweke. Yesu wangu! Upweke kwenye nyumba ya posa? Lakini msomi ni msomi. Nikachukua.

Kisha nikadai nyongeza. Feliksi akashangaa, nyongeza gani? Nikamwambia nimeuza dagaa miaka ishirini, sijawahi kumpimia mtu nikaacha kumrushia konzi moja juu. Na pale katikati nafasi ipo, peupe patupu, kama amenipunja. Akasema pale ndipo upweke wenyewe unapokaa. Nikamwambia basi usogee kidogo. Akachora mgebuka mmoja wa uhalisia. Sasa angalau kuna mboga.

Alhamisi, 12 Juni

Jirani yangu Melania kaja kuomba chumvi. Chumvi gani! Kaja kupeleleza. Kasimama mbele ya picha, mikono kiunoni, akasema, "Mama Diana, huyo samaki kapotea njia?" Kisha akasema yeye ameagiza zulia la ukutani kutoka Kasulu, lina simba, na simba wake yuko na familia.

Ugali ukanishinda. Samaki peke yake, siku ya posa! Mkwe atadhani tunamtoa Diana kwa sababu hana mtu.

Ijumaa, 13 Juni

Kwa Feliksi tena. Nikaomba mchumba wa samaki. Akasema mama, nakusihi. Nikaweka sado ya tatu mezani. Akachora mgebuka wa pili, huyu wa tingatinga, madoa mwili mzima. Nilipoona nafasi bado ipo nikaomba na kuku. Akanitazama kama mtu aliyefiwa. Akachora kuku. Kisha akasema jina lake pale chini analifuta. Nikamshukuru sana, nafasi imeongezeka!

Nyumbani Baba Diana akauliza kuku anafanya nini majini. Nikamwambia hiyo ni dhahania. Akaenda zake kukanda goti. Neno zuri hili.

Jumapili, 15 Juni

Wamekuja! Mzee Eliakimu, koti la kijivu, sharubu nyeupe. Shikamoo zilipoisha hakukaa. Moja kwa moja ukutani. Diana akaniangalia kwa jicho la kuniua. Jasho mpaka kwenye kilemba.

Akauliza kazi ya nani. Nikasema fundi wa Ujiji, mimi nilisimamia nyongeza. Nyongeza ipi? Nikamweleza yote: upweke, mgebuka, mchumba wa mgebuka, kuku. Mzee akakaa chini, akacheka mpaka akavua miwani. Akasema miaka thelathini amefundisha kwamba mitindo hii haikai pamoja, leo ameikuta inakaa, tena inafuga kuku. Kisha kwa upole akasema ile rangi ya nyuma ilikuwa nzuri sana, mama, ingeachwa hivyo hivyo. Kazi ngumu ya mchoraji, akasema, ni kujua pa kuachia. Nikaitikia kwa heshima zote.

Akatoa barua mfukoni. Tukaipokea! Bibi Verediana akapiga vigelegele kabla haijafunguliwa. Samaki kuhe wakaliwa mpaka mifupa. Akiaga, mzee akasema nyumba inayomwonea samaki huruma haiwezi kumtesa kijana wake. Nikalia kidogo jikoni.

Jumatatu, 16 Juni

Presha imeshuka. Nimeyatafakari maneno ya mzee. Alisema nyuma paachwe. Mbele hakusema kitu! Na Melania kaja, kaangalia, kasema picha haipungukiwi chochote. Melania huyu? Basi inapungukiwa.

Nimemtumia Feliksi ujumbe, naunakili hapa usipotee:

"Feliksi mwanangu, salamu. Mahari ni mwezi ujao. Juu ya kuku panatosha mtu mmoja, umwongeze Mzee Eliakimu. Awe dhahania kwa heshima ya usomi wake, ila sharubu ziwe uhalisia ili ajijue. Koti liwe na madoa kidogo. Dagaa nimeshapima. Nijibu haraka. Nimekupigia mara sita, nadhani simu yako mbovu."