Sahani Namba Saba

Jumatatu, 4 Machi
Nina hasira! Profesa amesema ni dawa moja tu itakayoendelea kujaribiwa kwa panya. Ama yangu, ama ya shemeji. Huyu ni mume wa dada yangu, tuko maabara moja, na tangu amwoe anajiona yeye ndiye aliyegundua mapafu. Dawa zetu zote mbili ni nyuzi fupi za kunata kwenye ujumbe wa kijenetiki wa kirusi cha mafua makali, ujumbe usisomeke, kirusi kisizaliane. Yangu nimeihangaikia miaka minne. Minne!

Jumanne, 5 Machi
Mama Kufuli, fundi wetu, ametia dawa kwenye sahani za seli za mapafu zenye kirusi na kubandika namba. Ya nani ni ipi, anajua yeye tu. Eti tusipendelee! Alipokwenda kunywa chai nikafungua droo yake, nikasoma orodha. Mimi tatu, shemeji saba.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa! Namba tatu, seli zimekufa zote. Saba zimenawiri. Shemeji akaona nimenuna, akaniambia pole shemeji, mvumilivu hula mbivu. Mbivu! Walipokwenda kula nikabandua vibandiko. Tatu nikaipeleka kwenye saba, saba kwenye tatu.

Ijumaa, 8 Machi
Profesa akatangaza: iliyonawiri ni namba tatu. Nikasimama kabla sijaitwa. Mama Kufuli akasoma orodha. Tatu, ya shemeji. Saba, yenye maiti tupu, yangu. Nikauliza kwa ukali tangu lini. Akanikazia macho, akasema tangu Jumanne jioni. Alikuta droo yake imechokorwa, akazipa sahani zote namba mpya: yangu saba, ya shemeji tatu.

Kumbe iliyonawiri ilikuwa yangu! Dawa yangu inafanya kazi, na nimemkabidhi shemeji kwa mikono yangu miwili. Nikisema, nafukuzwa. Dada amepiga simu kushangilia ushindi wa mumewe. Nimelia chooni.

Jumatatu, 11 Machi
Profesa anataka jaribio lirudiwe kabla ya panya. Ningeweza kukaa kimya tu, maana dawa nzuri ni yangu. Lakini kwa watu hawa? Siwaamini hata kidogo, wana hila! Orodha sasa iko kabatini. Ufunguo uko kwenye koti la Mama Kufuli, na koti analivua saa nne, akienda chai.